Hodi ya Saa Kumi na Moja

Mwalimu Nandonde aliniletea redio nzima.
"Haijaharibika, Somoe. Imesikia."
Akafungua daftari juu ya meza yangu ya kulehemu:
kurasa kumi na nane za vistari,
tak-tak-tak, kimya, tak-tak-tak,
kila alfajiri saa kumi na moja
tangu mikorosho ianze kuchanua.
"Kuna watu huko kwenye nyota
wanatupigia hodi."

Kufika adhuhuri Newala nzima inajua,
na sokoni wanasema wageni wa juu
wameshaulizia bei ya korosho ghafi.

Sikucheka. Mimi fundi.
Nilitafuta siku ambazo hakuandika kitu.
Tarehe tisa, kimya. Tarehe kumi, kimya.
Tarehe tisa tulimzika bibi yake Chilumba,
mtaa mzima haukwenda shamba.
"Mwalimu, nyota nazo zilikaa matanga?"

Akafikiri. "Wanatuheshimu," akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa.
Nyumba isiyo na mlango
huwezi kuiingia,
na aliyemo hatoki.

Alfajiri tukatoka, baridi imeng'ata masikio.
Nikaielekeza redio juu: tak, hafifu.
Nikaigeuza bondeni: tak ikanenepa.
Tukaifuata, tukapita makaburini,
tukapita tanuri la matofali la Mnali,
mpaka kwa Likunda, shemeji yake mwenyewe,
mashine ya salfa mgongoni,
injini inakohoa, plagi haina kofia,
na kila akisimama kujaza unga, kimya.

"Zima," nikamwambia. Redio ikanyamaza.
"Washa." Tak-tak-tak.
"Zima tena."
Mara saba, hadi Likunda akatutukana
kwa Kimakonde, matusi kamili.

Mwalimu alisimama, salfa kwenye kope.
Daftari hakulichana.
Aliandika: *Plagi ya shemeji*, akapiga mstari,
kisha akatazama juu.
"Lakini kama wanajificha nyuma ya..."
Hakumaliza.

Kofia ya plagi, shilingi elfu tatu.
Likunda atalipa msimu ukifunguliwa, amesema.

Usiku, duka nimeshafunga,
niliwasha redio ile ile,
nikazungusha kitufe polepole, polepole.
Shshshsh.
Nami naitamani hiyo hodi.
Ndiyo maana sitaki kumkaribisha Likunda
nikimwita nyota.

Nilisikiliza kuliko nilivyokusudia.
Halafu nikazima.
Betri zilikuwa za mteja.