Nukta ya Nne

Mashine ya breli ya kitengo chetu, hapa Butere,
ina vidole sita vya chuma. Kimoja kimekufa,
cha nukta ya nne, tangu Februari, wiki ile ya mvua ya mawe.

Mwenye macho haoni hasara yake upesi,
basi nieleze kama nilivyomweleza mwalimu mkuu
akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje:
bila nukta ya nne, M inakuwa K.
Ayuma aliketi kumwandikia mama yake barua,
akapitisha kidole juu ya alichokiandika, akacheka:
"Mwalimu, mama amegeuka kaka."

Mwalimu mkuu naye akacheka. Kisha akatazama viatu vyake.
Kipuri ni elfu tisa, fundi yuko Nairobi,
na mgao wa muhula wa kwanza uliingia muhula wa pili
ukiwa umekatwa kichwa na mkia.

Watoto wangu ni saba. Kwenye mtandao wa wizara ni wanne.
Likhanga na wale mapacha wa mzee Shiatsala hawana vyeti vya kuzaliwa,
na asiye na cheti hana namba,
asiye na namba hahesabiwi, asiyehesabiwa halipiwi,
ingawa uji anakunywa,
ingawa kila asubuhi anapita kando ya miwa akigonga fimbo
na kufika kabla ya kengele.
Wanne wanawalisha watatu.

Karatasi nene tuliacha kununua mwaka juzi.
Tunatumia kalenda kuukuu za duka la pembejeo:
upande huu Novemba na ng'ombe wa maziwa,
upande wa pili hesabu za kugawanya.

Usiku mmoja nilibaki na ile mashine nikijaribu maneno
kama mtu anavyoonja mboga akitafuta chumvi.
"Bure" linatoka zima, herufi zote nne.
"Karo", zima.
"Hela", zima kabisa, na ofisini haipo hata ya chaki.
Lakini "elimu" inapasuka katikati.
Na "haki", jamani, I yake ikikosa nukta ya nne
inabaki mkato tu:
hak,
kama mtu aliyeanza kusema akaitwa nje.

Aliyetukwamua ni Likhanga, yule asiyekuwepo.
Alikuja na msumari wa mabati.
Anageuza karatasi, anapapasa,
anachoma kwa nyuma nukta iliyokosekana,
moja moja, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo.
Mara nyingine anazidisha, Novemba inatoboka,
ng'ombe anapata jicho la tatu.
Ukurasa mmoja, kipindi kizima.

Hivyo ndivyo walivyoiandikia ofisi ya elimu. Saba wote.
Mimi niliambatisha maneno yao kwa kalamu ya wino,
nikaambatisha bei ya kipuri, nikaipigia mstari,
nikaandika saba pale walipotaka nne.
Usiku huo sikulala vizuri kwa sababu ya ile saba.

Barua ilirudi Julai.
Jibu hakuna. Muhuri tu, mwekundu, katikati ya ukurasa:
IMEPOKELEWA.

Wakaizunguka meza. Ayuma akasoma kwa sauti, kidole kikitembea:
"Sisi wanafunzi wa kitengo maalumu
tunaomba kile ambacho ni ha…"
Akasimama. Akarudi nyuma, akapapasa tena.

"Mwalimu, hapa pako laini.
Kuna mtu amekanyaga."