Makosa ya Nasibu

Mhojiwa wa mia na arobaini na saba
aliuza mitumba Makambako, mkono wa kulia wa stendi,
na swali la ishirini na mbili lilimchekesha:
kwa kipimo cha moja hadi tano,
wewe ni mtu wa kuthubutu kiasi gani katika biashara?
Bi. Mgaya alikung'uta sketi, akaitundika, akasema,
"Andika tano asubuhi, nikilipia robota.
Jioni nikishalifungua, andika moja."
Fomu yangu ilikuwa na kisanduku kimoja.

Sasa niko Bradford, ghorofa ya tatu,
mvua imeegemea dirisha tangu Jumanne
na hita ya sarafu inameza, inakohoa, inazima.
Wahojiwa mia tatu na kumi na wawili
wamelala ndani ya kompyuta, mstari juu ya mstari,
kila mmoja na umri wake, mtaji wake, mkopo wake,
wametulia kuliko walivyopata kutulia sokoni.
Msimamizi wangu, Dakta Ollerenshaw, mtu mwema,
chai yake haina sukari, na maoni yake vilevile,
amemzungushia mia na arobaini na saba wino mwekundu:
Jibu halieleweki. Mwondoe.

Sijamwondoa.
Nimeandika, ukurasa wa tisini na nne,
kwamba muuzaji anajua asichokijua mnunuzi
na kwamba bei hubeba hofu tumboni mwake;
nimenukuu wataalamu kumi na mmoja
pale ambapo mama angesema
kauziwa mbuzi kwenye gunia,
akaendelea kupepeta mchele.

Lakini Jumamosi simnukuu mtu.
Jumamosi navaa glavu na kizibao cha njano,
nasimama kwenye ghala la nguo nyuma ya reli,
mimi, na Wioletta wa Lublin, na mzee Basharat wa Mirpur.
Mkanda unapita.
Nguo za marehemu, za waliokonda, za waliohama.
Kazi ni rahisi: nzuri, toa.
Sufu, toa. Ngozi, toa. Lebo yenye jina, toa.
Hizo zina duka lake hapa hapa, lenye kengele mlangoni.
Kinachobaki kinakwenda kwenye shinikizo,
mashine inakilalia kwa kifua chake chote,
kilo arobaini na tano, kamba nne, plastiki nyeupe,
na mtu anagonga muhuri: DARAJA LA KWANZA.

Miaka miwili naitafuta hasara ya Bi. Mgaya.
Nimeitafuta kwenye riba, kwenye ushuru,
kwenye shilingi inayoteleza,
kwenye elimu yake ya darasa la saba.
Nimeipima hadi desimali ya nne.
Na kila saa nalipwa pauni kumi na mbili
kuitengeneza.

Nilimwambia Dakta. Alinyamaza kidogo,
akasema inavutia,
ila iko nje ya mawanda ya utafiti.

Jumamosi iliyopita lilipita koti.
Sufu, kijani cha chupa, vifungo vyote sita,
bitana linateleza kama maji mtungini.
Makambako mwezi wa sita kuna baridi
ya kutoa moshi mdomoni;
koti kama lile hulipa ada ya mtoto,
ama nusu ya robota lenyewe.
Mkono wangu unajua kazi yake.
Ukabaki ulipo.
Wioletta aliona, akatazama saa ya ukutani.

Sijui lilikokwenda. Robota halina anwani ya mtu.
Huenda liko Lome, huenda Lahore linachanwa matambara,
huenda kalipata jirani wa Bi. Mgaya,
yule aliyejibu maswali yote vizuri.

Usiku nimefungua tena mlinganyo.
Mwishoni kabisa, upande wa kulia,
baada ya mtaji na umri na mkopo,
kuna herufi ndogo tunayoiweka kwa adabu
isimame badala ya yote tusiyoyapima.
Vitabu vinaiita makosa ya nasibu.
Vinasema wastani wake ni sifuri.

Koti limo humo.
Nami nimo, na glavu zangu.
Mia na arobaini na saba nimemwacha mahali pake:
tano, mkwaju, moja.