Hodi ya Dakika Kumi na Tano

Chupa ni ndogo kama kidole cha mwanasesere,
na bei yake, husema Kahindi, ni ng'ombe wawili wa Ganda na mtamba wao.
Ndani mna kingamwili, tone lisilojaza kijicho,
lina ukaidi wa bibi yangu Mwanakhamisi wa Shela:
hakujui kwa sura, hakujui kwa ukoo,
hukutazama kiganja tu, kama una hina.

Kimeng'enya kisicho na fosfeti hupita mbele yake
kama mgeni wa mtaa wa pili.
Kikishabandikwa ile chembe, ndogo kuliko chumvi ya chozi,
hukikumbatia, haikiachi.

Leo damu ni ya Mwambire. Miaka sita, kichomi mara tano.
Nyevu, mama yake, yuko nje kwenye benchi,
chupa ya uji magotini.

Nikazipigia hodi seli zake nyeupe.
Dakika kumi na tano, si kumi na sita:
alama hufutika upesi, kama haya usoni mwa mtu mzima.
Nikazigandisha kwa dawa. Stima imepotea Malindi nzima tangu usiku,
tunaishi kwa jenereta, na barafu tumenunua soko la samaki.
Ilikuja na gamba la tafi.

Mashine ikazisoma moja moja.
Kilima hakikusogea.

Nikasema, ni kingamwili, imelala joto, imeharibika.
Nikajifunga mpira mkononi, Kahindi akanichoma,
tukarudia yote: hodi, dakika, dawa, barafu, gamba.
Damu yangu ikaitika.
Kilima kikahama kulia, kinene, kizuri,
hata nikaona vibaya.

Cha Mwambire palepale.
Watu wamo ndani, taa inawaka,
hodi inasikika hadi uani,
na hakuna wa kusema karibu.

Nimeandika namba daftarini. Daktari atapigiwa simu.
Ugonjwa una jina refu, pengine una na dawa,
si mimi wa kusema.

Kisha mlangoni, kwa kifundo cha kidole:
Hodi.

Nikavua glavu ya kulia. Nikavua ya kushoto.
Kahindi akainamia barafu iliyokwisha kuwa maji.

Hodi, tena.

Nikashusha mkono wa koti, nikafunika plasta,
ndipo nikaitika.