Sijafyatua Hata Moja

Al Khoudh, saa nane usiku,
kiyoyozi kinadondosha maji ndooni.
Watu tisini na wanane wameshauana;
mimi nimelala kifudifudi
ndani ya hodhi la kuogea, nyumba isiyo na paa,
bunduki yangu baridi.

"Toka, Zuwena! Huo si mchezo!"
Ghassani anafoka sikioni mwangu, yuko Sohar.
Ukungu ukamla yeye kwanza.

Umecheza rafu, anasema. Mwoga.
Kwa mwoga huenda kicheko, namjibu,
ila sicheki:
bibi yetu ni mmoja, mimi na yeye,
alikaa siku tisa darini, Unguja, mwaka ule,
kikohozi akikimeza.
Yeye mbona hatujamfutia ushindi?

Kimya.
Ndoo imejaa, inamwagika.
Halafu: "Tuanze tena?"
Safari hii anauliza
mahodhi yako wapi.