Kikapu cha Mkate

Ufunguo ulikuwa mrefu kama kigasha cha mtoto.
Bi Tsiala aliutoa chini ya aproni
lakini hakuupeleka mlangoni.
Alitunyooshea kikapu cha mkate, kingali na makombo,
akatamka neno moja la Kisvani
ambalo Gocha, dereva wetu, alilifasiri kwa kidole:
simu. Zote.

Tulikuwa sita. Mjerumani akauliza,
je, bila flashi?
Hapana.
Je, kwa lari ishirini?
Bi Tsiala akaketi juu ya jiwe
akaanza kumenya kitunguu saumu,
taratibu, kama mtu mwenye alasiri nzima mfukoni.

Basi tukasalimu amri.
Simu yangu ikalala kifudifudi juu ya simu ya mgeni,
ikatetemeka mara moja,
pengine dada yangu: mbona hutumi picha?

Ndani, giza lilinukia nta na mawe mabichi.
Mkono wangu ulijiendea mfukoni
mara tatu,
na mara tatu ukarudi mtupu
kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta pamefungwa.

Nikabaki na macho tu. Sikujua niyafanyie nini.

Ukutani, mtakatifu juu ya farasi,
nusu ya uso imebanduka;
farasi mzima, amechoka,
anatazama pembeni kana kwamba vita si vyake.
Chini yake, kipande cha ukuta cheupe, cha mraba,
ambacho moshi wa mishumaa haukukigusa miaka yote ile.
Misumari minne. Hakuna kitu.

Nikauliza. Gocha naye akauliza.
Bi Tsiala alijibu bila kukiacha kitunguu:

"Alikuja mtu mpole, mwaka ule wa njaa na bunduki.
Akapiga picha kutwa. Tukampa jibini, akala, akashukuru.
Wiki ya tatu wakaja wengine,
picha zake mkononi,
na msumeno.
Hawakuhitaji hata taa.
Walijua kila msumari ulipo."

Gocha alipomaliza kufasiri hakuna aliyekohoa.

Simu hazikurudi bure. Kila mmoja aliulizwa:
umeona nini?
Mjerumani akasema, farasi.
Msichana wa Seoul akainua vidole vinne,
akapewa simu yake na punje ya kitunguu saumu.
Mimi nilisema, giza.
Bi Tsiala akacheka, jino la dhahabu likaonekana,
nami nikatamani, Mungu anisamehe,
kulipiga picha jino lile.

Njiani kuteremka nilichora kwa kalamu
nyuma ya risiti ya petroli,
gari likirukaruka, mistari ikipotea makorongoni:
shingo, kwato, lile jicho la pembeni.
Gocha akachungulia, mkono mmoja kwenye usukani.
"Ng'ombe mzuri," akasema.
Nikaikunja risiti mara mbili,
nikaitia mfukoni, pale pale
ambapo mkono ulikuwa bado unatafuta.