Neno la Mhazini

Kila asubuhi, kabla sijaandika hata kilo moja,
kompyuta ya chama chetu cha wafuga nyuki ilinidai.
Kioo cheusi, na pembeni maandishi: nakala hii si halali,
leta ufunguo.
Ufunguo wenyewe herufi ishirini na tano,
na bei yake, nilipopiga hesabu,
ndoo sita za asali ya Terego,
ndoo ambazo si zangu.

Nikajifunza kuukwepa ujumbe ule
kama unavyolikwepa duka unalodaiwa:
unapita ng'ambo, unajifanya unaongea na simu.
Virusi navyo vilituzoea.
Msimu mmoja vilikula wafugaji wote wa Logiri,
majina, mizinga, malipo,
nikawaandika upya kwa kalamu, nikiuliza mlango kwa mlango.

Ndipo akaja Ayikoru, fundi wa simu kutoka Mvara,
vidole vina makovu ya kulehemu,
na flashi moja aliyoifunga uzi mwekundu isipotee.
"Mhazini, humu mna mfumo mzima.
Haukuibwa, wala hauuzwi."
Nikamwambia, binti, rahisi ni ghali.
Cha bure nakijua kinavyouma.

Hakubishana. Aliuliza tu:
"Ungenunua mzinga
ambao muuzaji ameupigilia mfuniko misumari,
akakukataza kuchungulia,
na nyuki wakifa umngoje yeye?
Huu mfuniko wake unafunguka.
Mwenye macho asome ulivyoundwa, mwenye mkono arekebishe,
ukimpa jirani nakala, yako haipungui."

Hapo kwenye kutopungua ndipo aliponinasa.
Asali ukigawa, hupungua.
Nimeipima miaka kumi na moja.

Tulianza saa nne. Mstari ukatambaa
mpaka asilimia sitini na mbili, umeme wa Arua ukakatika.
Ayikoru hakusonya.
Alikula karanga zake, akangoja, akaanza upya.

Sitaki kudanganya: printa iligoma.
Siku mbili ilitema karatasi tupu,
na mwenyekiti Onzima akanitazama
kama mtu aliyebadilisha ng'ombe kwa kengele.
Siku ya tatu dawa ikapatikana,
imeandikwa na mtu asiyetujua,
katika nchi ambako saa ile walikuwa wamelala,
mtu ambaye printa yake iligoma vilevile.

Mfumo uliuliza nataka lugha gani.
Nikachagua Kiswahili, kwa majaribio.
Kiswahili kile ambacho utotoni mwangu
kilikuja na buti na vizuizi barabarani,
lala chini, toa kitambulisho,
sasa kikaniuliza taratibu:
Je, ungependa kuhifadhi?
Nilikaa kidogo kabla ya kujibu.

Lakini kitufe kimoja,
cha kusimamisha programu iliyokwama,
kilikuwa kimeandikwa: Ua.
Sisi wa huku neno hilo
hatuliweki mahali ambapo kidole kinaweza kuteleza.
Ayikoru akasema, usilalamike kwangu, mfuniko uko wazi.
Akanionyesha pa kuandikia pendekezo.
Nikaandika: Tuliza.
Nikaeleza, kwa mistari miwili,
moshi unavyofanya kazi kwenye mzinga wenye hasira.
Nikatia jina langu, Anguyo, mhazini.

Nikasahau. Mvua zikaja, muhogo ukachanua,
nyuki wakahama na kurudi,
ndoo zikapimwa, madeni yakabaki madeni.
Mwezi wa tano mfumo ukajisasisha wenyewe
wakati mimi natafuta kikombe cha chai.
Niliporudi, nikafungua pale pale.

Tuliza.

Sikulipwa shilingi, wala sikudai.
Sijui ni nani mwingine ana kitufe hiki mbele yake leo,
wala kama anajua nyuki.
Nilikibonyeza mara mbili.
Hakuna programu iliyokuwa imekwama.