Mizani ya Ngomeni

Mnaniuliza kwa nini naandika bila mizani,
mimi mjukuu wa karani wa mizani.
Haya, shikeni daftari hili. Taratibu, mgongo wake umeoza.
Ni la babu, Samwil Kihiyo, shamba la mkonge, Ngomeni,
mwaka wa thelathini na moja.
Upande wa kulia: matita, marobota, tani.
Kushoto, pembeni, kwa penseli hafifu
ili bwana asione,
mashairi.

Jumatatu moja ya Septemba simu iliingia posta ya Tanga,
ikapanda treni na vikapu vya ng'onda,
ikashuka Ngomeni mkononi mwa Bwana Vafiadis.
Uingereza imeiacha dhahabu.
Bwana aliisoma mara mbili, akaketi juu ya robota la katani.
Deni lake la Hamburg liliandikwa kwa marki,
na marki ilikuwa bado imeng'ang'ania dhahabu yake:
deni likavimba usiku mmoja
bila yeye kukopa hata senti.

Usiku huo babu aliandika:

*Shilingi yetu ni mbuzi, kafungwa kwenye pauni,*
*na pauni nayo mbuzi, kwa dhahabu i kambani,*
*kamba yake ya ujuzi, ni mkonge wa Ngomeni,*
*kamba imekatika*

Hapo basi. Hesabuni kwa vidole kama nilivyohesabu mimi:
saba.
Mtu aliyepigwa fimbo Magila kwa kukosea silabi moja,
saba, halafu karatasi tupu.
Sijui kama aliishiwa na maneno
au alitaka tuusikie ule upungufu.

Jumamosi, dirishani, namba mia nne kumi na saba.
Daftari halina jina lake. Babu ndiye aliyelikumbuka: Ntahondi,
aliyekuja kwa miguu kutoka Buha.
Kipande chake kimejaa, alama thelathini, siku thelathini
za miiba na maji ya mkonge yanayochoma hadi kwenye kucha.
Ahadi ilikuwa shilingi kumi na nane.
Alihesabiwa kumi na mbili.
"Bei," akaambiwa. "Ulaya."
Akakigeuza kipande, akatazama nyuma,
kama kwamba Ulaya imeandikwa huko.
"Mimi nimekata matita yaleyale," akasema.
"Yamepungua yakiwa njiani?"

Na Ngamiani, Bi Mwanamkasi akavua kipini puani,
akakipeleka kwa sonara Jadavji kulipa kodi ya nyumba.
Akapewa zaidi ya alichokinunulia, akashangaa, akacheka.
"Dhahabu imepanda?"
Jadavji hakuinua macho kwenye kimizani chake.
"Dhahabu imekaa palepale, bibi.
Sisi ndio tunaoteremka."
Kipini kikaenda Bombay, na vingine vingi, na bangili, na vikuku,
na kutoka Bombay vikapanda meli kwenda kulekule London
kulikosemwa dhahabu haitakiwi tena.
Mama alisema pua ya Bi Mwanamkasi iliziba tundu lake
kabla ya mvua za vuli kwisha.

Mwaka uliofuata yeni nayo ilikatwa kamba,
maduka yakajaa kitambaa rahisi kutoka Japani.
Watu waliendelea kukiita merikani.
Merikani ya Kijapani, inunuliwe kwa shilingi ya Mwingereza,
imfunike Muha aliyelala Ngomeni:
semeni, hapo nani anamfunga nani?

Wazee walisema kamba hukatikia pembamba.
Hawakusema pembamba huwa mbali kiasi gani
na mikono inayovuta.

Juzi nilikwenda. Korona imekufa, reli imemezwa na majani,
lakini mizani ya babu ipo, chuma kizito, hakuna aliyeweza kuiiba.
Mtoto wa mlinzi akarukia juu yake
ili nimwone.
Sindano ikatikisika, ikapanda, ikasimama.
Akashuka akikimbia.
Sindano ikabaki kulekule juu,
ikimpima.